Sitaifuta Orodha Yangu ya Vitabu vya Shetani

SEHEMU YA TANO

Mtaani sasa naitwa Mama Shetani. Watoto wa shule wakiniona wananong'onezana, halafu wanatimua mbio huku wanacheka. Mwenye duka la kona ananipa chenji akiwa ameangalia pembeni, kana kwamba macho yangu yana umeme.

Kama ndiyo kwanza unanisoma, nitakupa kwa ufupi. Mimi ni mkutubi. Kuna mtu alikuja mezani kwangu akaniuliza asome nini ili awaelewe watu wanaojiita wafuasi wa Shetani, na ile falsafa yao wanayoiita njia ya mkono wa kushoto. Nikamwandikia ukurasa mmoja wa vitabu nilivyoona vinafaa, nikaupiga mhuri wa maktaba, kama ninavyofanya kwa anayeuliza habari za ufugaji wa nyuki.

Picha ya ukurasa ule ikasambaa kwenye simu za watu. Kamati ya maktaba ikanisimamisha kazi. Mhubiri mmoja akatangaza kwamba atakuja kuvichoma vitabu vyenyewe. Mume wangu akachukua mto wake akahamia sebuleni.

Tangu nianze kusimulia mnaniuliza swali moja tu: aliyekuomba ni nani?

Nilinyamaza. Leo nasema, kwa kuwa mwenyewe ameshaniruhusu.

Ni mama mkwe wangu.

Ndiyo. Mama mzaa mume wangu, kiongozi wa umoja wa akina mama, yule ambaye akikohoa tu kwenye ibada hata wanakwaya wanakaa sawa.

Alikuja saa za mchana, chumba cha kusomea kikiwa kitupu. Akaniinamia mezani kama mtu anayenunua dawa ya ugonjwa wa aibu.

"Mwanangu, humu mna vitabu vya wale?"

"Wale nani, mama?"

"Wale wa yule adui."

"Adui yupi?"

Akatazama mlango. Akatazama feni, kana kwamba nayo ina masikio.

"Shetani," akasema.

Nilidhani ananitega. Mama mkwe na mimi hatukuwa maadui, lakini hatukuwa watu wa kupeana siri pia. Nikamvutia kiti.

"Kuna nini, mama?"

"Shemeji yako amenipigia simu."

Shemeji yangu ndiye kitindamimba wake. Anachomelea vyuma kwenye karakana ya meli, mbali sana, na ni muda mrefu hajaonekana nyumbani.

"Ameniambia, mama, sitaki kukuficha. Mimi sisali tena. Nafuata njia ya mkono wa kushoto."

"Ukamjibu nini?"

"Nilikata simu." Akaanza kuvuta uzi kwenye pindo la mtandio wake. "Unajua, alipokuwa mdogo alishika kila kitu kwa kushoto. Kijiko kushoto, penseli kushoto. Mimi nikaufunga ule mkono kwa kitambaa mpaka akazoea wa kulia. Alikuwa analia, nami namfunga. Sasa aliposema mkono wa kushoto, nikadhani ananisuta."

"Hakusuti, mama. Ni jina la falsafa yao."

"Ndiyo nataka kujua. Nikiwauliza wenzangu wataniambia nimlaani. Kumlaani hakuhitaji kusoma. Mimi nataka kuongea naye."

Sasa niambieni, nyinyi mnaonitukana. Mngemjibuje mwanamke huyu? Arudi nyumbani akamlaani mwanawe vizuri?

Nilisimama nikaenda kwenye rafu.

* * *

Mmesikia mengi kuhusu orodha yangu. Wengine wanasema ina maneno ya kuita mapepo. Wengine wanasema ukiisoma kwa kurudi nyuma inataja jina lako. Haya, ngoja niwaambie kilichomo.

Cha kwanza kabisa ni kitabu kitakatifu ambacho wengi wenu mnacho nyumbani. Niliandika: "Anza hapa. Utashangaa jinsi Shetani anavyotajwa mara chache."

Halafu historia ya watu waliowahi kushtakiwa kwamba wanamwabudu. Wengi walikuwa wajane, wakunga, na watu waliogombana na jirani. Wakachomwa. Pembeni niliandika: "Soma polepole. Kinauma."

Halafu mashairi ya kale kuhusu malaika aliyeasi, yaliyotungwa na watu waliomcha Mungu.

Halafu maelezo ya njia ya mkono wa kushoto ilikotoka: mafundisho ya zamani ya Mashariki, ya watu walioamua kukipitia kile wenzao walichokatazwa na kukiogopa, ili kukishinda woga wenyewe. Watu wa Magharibi waliliazima jina hilo baadaye sana, wakalijaza ya kwao.

Halafu kitabu cha wafuasi wenyewe. Hapo niliandika: "Wengi wao hawaamini kama kuna Shetani mwenye pembe. Kwao ni jina la kukataa kupiga magoti. Binadamu awe bwana wa nafsi yake. Mwandishi huyu anajisifu mno. Usimmeze mzima mzima."

Kisha kazi ya mtafiti wa chuo kikuu aliyekaa nao na kuwahoji. Na mwisho kabisa kitabu cha mwanateolojia anayewapinga hoja kwa hoja. "Usikiruke hiki," niliandika, nikapiga mstari chini yake.

Basi. Hayo ndiyo mapepo yangu.

Mimi mwenyewe nasali. Naenda ibada, naimba, tena kwa sauti mbaya. Nilipomaliza kusoma vitabu vile nilibaki na Mungu wangu yuleyule. Ila niliacha kuwaogopa watu nisiowajua.

* * *

Sasa tuje kwenye kikao cha kamati, pale nilipowaachia wiki iliyopita, nikiwa nimeshika kitasa cha mlango.

Ndani walikuwa wameketi wajumbe watano, wakiongozwa na mwenyekiti tunayemwita Tai Fupi, kwa sababu tai yake huishia juu ya kitovu. Pembeni yake alikaa yule mhubiri. Mtaa mzima unamwita Spika, kutokana na kile kipaza sauti chake cha mkononi. Siku ile alikiweka mapajani kama mtoto aliyelala.

"Keti," akasema Tai Fupi.

"Nitasimama."

"Haya, simama. Vitabu hivi umewahi kuvisoma?"

"Vyote."

Chumba kikaguna.

"Yaani wewe, mama wa familia, umekaa ukasoma mambo haya?"

"Mwenyekiti, siwezi kumpa mtu kitabu nisichokijua. Kwani wewe umesoma kipi?"

Tai Fupi akairekebisha tai yake. Haikurefuka.

"Hatukuja hapa kuulizwa maswali," akasema. Akanisukumia karatasi. "Hii ni barua ya kuomba radhi. Unakiri umepotosha jamii, unatutajia aliyekuomba orodha, unasaini. Jumatatu unarudi kazini."

"Mnataka nimtaje ili iweje?"

Akajibu Spika, tena kwa upole. Nitamsema kwa haki yake, mtu yule hakuwa na dharau. "Tumsaidie, dada yangu. Mtu anayetafuta mambo haya yuko kwenye hatari. Mimi nimezika vijana waliopotea wakiwa peke yao."

"Mhubiri, mtu akija kwako kuungama, unakuja kuniambia mimi?"

"Hapana."

"Basi na mimi anayekuja mezani kwangu simtaji."

"Huwezi kulinganisha!"

"Nimeshalinganisha."

Tai Fupi akapiga meza. Akatoa ile picha, sasa wameichapa kubwa kama kalenda. "Huu ni mkono wako? Huu ni mhuri wetu? Unakana?"

Nikaichukua ili nimwambie kwamba sikani. Nikaiangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Kwenye simu ilikuwa ndogo, na kila mtu alikuwa anasoma maandishi tu.

Nikaisogeza karibu na macho.

Ukurasa wangu ulikuwa umelazwa juu ya kitambaa cha meza cha njano chenye maua ya bluu. Ua moja lina petali pungufu, kwa sababu uzi wa bluu uliniishia.

Kitambaa kile nilikidarizi kwa mikono yangu, nikampelekea mama mkwe.

"Unaangalia nini?" akauliza Tai Fupi.

Nikaikunja ile barua yao vipande viwili, nikaiacha mezani. "Sisaini," nikasema, nikatoka.

* * *

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mama mkwe. Nikamkuta wifi yangu uani, anaanika nguo. Yeye ndiye dada mkubwa wa mume wangu. Aliachika, akarudi kwa mama yake, na tangu hapo anaiendesha nyumba ile kama kambi.

"Wifi, ile picha uliipiga wewe?"

Hakushtuka hata kidogo. Akabana shati kwenye kamba, akachukua kibanio kingine.

"Niliipiga. Na ningekuwa na simu nzuri zaidi ningeipiga ikaonekana vizuri zaidi."

"Kwa nini hukunifuata mimi kwanza?"

"Nikufuate wewe!" Akanigeukia. "Natandika kitanda cha mama yangu, nakuta uchafu ule chini ya mto wake. Chini ya mto, wifi! Una mhuri wako. Mdogo wangu umeshamweka kiganjani, hakukutosha? Ukaona umteke na mama, na uzee wake ule?"

Ndipo nikaelewa. Wifi hakujua kwamba mama ndiye aliyeomba. Alidhani nimepachika karatasi ile kama mtu anayezika hirizi.

Nikainua macho. Dirishani, nyuma ya pazia, mama mkwe alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia kila neno.

Nikamngoja aseme. Aseme tu, ni mimi niliyemtuma. Maneno matatu tu.

Akaliachia pazia likafunga.

Nisiwadanganye, niliumia. Ningeweza kumtaja palepale, nikamaliza. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini nikamkumbuka alivyoniinamia pale mezani kwangu, nikalimeza.

Mara mume wangu akaingia getini na mkoba wake wa vifaa. Ni fundi wa majokofu. Alikuwa ametoka kazini na mafuta bado mikononi. Wifi alishampigia simu, na habari za barua ya kamati zilishamfika.

"Mke wangu," akasema, "nakuomba mbele ya dada. Nitajie huyo mtu."

"Siwezi."

"Ni mwanamume?"

Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka vibaya, wifi akarudi nyuma. Kumbe mume wangu siku zote zile za kulala sebuleni hakuwa anamwogopa Shetani. Alikuwa anamwonea wivu msomaji!

"Unacheka nini?"

"Si mwanamume. Na zaidi ya hapo hupati kitu."

"Wateja wananikimbia. Leo mtu amenikataza nisiguse friji lake, eti litagandisha damu. Watoto wanatukanwa. Saini hiyo barua, yaishe!"

"Hayataisha. Leo nikisaini nimepotosha, kesho wataniuliza nani mwingine nimempa nini. Nani alisoma habari za talaka. Nani alisoma habari za ugonjwa wake. Mimi najua mtaa huu mzima unasoma nini, baba watoto. Unataka nianze kutaja?"

Wifi akainamia beseni la nguo kwa haraka sana. Naye ni msomaji wangu. Vitabu vyake navijua, na sivisemi.

Mume wangu akafuta mikono kwenye suruali.

"Mhubiri anakuja kesho asubuhi na watu wake," akasema. "Ukisimama pale mlangoni, mimi simo."

"Basi usiwemo."

* * *

Walikuja kweli. Walijaa kuanzia ngazi za maktaba hadi barabarani. Walileta pipa la chuma lililokatwa nusu, na ndani yake kuni zilikuwa zimeshashika moto. Spika alikuwa mbele na kipaza sauti chake, kitabu chake kitakatifu kwapani.

Mimi nilikuwa nimesimama juu ya ngazi, mgongo kwenye mlango. Walinisimamisha kazi wakasahau kunidai ufunguo. Ufunguo wa pili ulishapotea zamani, na kitasa kile ni cha chuma cha kizamani, si cha kupiga teke.

"Fungua, mama!" akafoka Tai Fupi kutoka chini. Naona aliogopa kupanda. "Hiyo ni mali ya umma!"

"Ndiyo maana siwapi muichome."

Watu wakapiga kelele. Kuna aliyeniita mchawi, kuna aliyeniita msomi kwa sauti ileile.

Spika akainua mkono, wakatulia. "Dada yangu, sisi hatukuchukii. Tunataka vile vitabu tu. Utupe, twende zetu."

"Umesoma hata kimoja, mhubiri?"

"Nimesoma majina yake. Yananitosha."

"Basi cha kwanza kwenye orodha ni hicho ulichokishika kwapani. Kitangulize pipani."

Kuna mtu alicheka huko nyuma, akazimwa kwa kofi. Spika akakishusha kipaza sauti. Akakitazama kitabu chake, akanitazama mimi, akakibana zaidi kwapani.

Ndipo watu walipoanza kupisha njia.

Mama mkwe alikuwa anakuja. Amevaa sare ya umoja wa akina mama, ile skafu nyeupe shingoni, mkoba mkononi. Wenzake wakaanza kuimba wakidhani amekuja kuongoza maombi. Wifi alikuwa nyuma yake, amejaa furaha usoni.

Mama akapanda ngazi moja moja, magoti yakimsumbua. Akafika mbele yangu.

"Mkutubi," akasema.

Hajawahi kuniita hivyo maishani. Akafungua mkoba, akatoa kitabu. Kile cha wafuasi wenyewe. Kile cha mwandishi anayejisifu.

"Nimekuja kurudisha. Tarehe imepita, naomba unisamehe."

Uimbaji ukakatika.

"Mama!" akapiga kelele wifi.

Mama akageuka akawatazama watu wote wale. Hakutumia kipaza sauti. Hakukihitaji.

"Orodha niliiomba mimi. Mkwe wangu hakunishawishi, nilimfuata mwenyewe kazini kwake. Jana nilimwacha atukanwe kwa ajili yangu, nikajificha nyuma ya pazia. Leo nimeona haya."

Spika akapanda ngazi mbili. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mama, kwa hiyo umeyaamini haya?"

"Hata ukurasa mmoja. Huyu bwana aliyeandika anajipenda kupita kiasi, hakulelewa vizuri. Lakini mwanangu anayaamini, na mimi sikujua la kumwambia mwanangu. Sasa nimempigia simu. Tumebishana mpaka sikio likapata moto. Nimemwambia ulichoshika ni kiburi, naye akaniambia, mama, ulinifunga mkono. Nikamwomba msamaha. Akalia. Halafu akanicheka jinsi ninavyotaja majina ya waandishi." Akameza mate. "Mhubiri, umenihubiria miaka mingi na nakushukuru. Lakini mahubiri yako hayakunirudishia mwanangu kwenye simu."

Kuni zilikuwa zinalia ndani ya pipa.

Halafu mmoja wa akina mama wa umoja akasema kwa ukali, "Kiongozi wetu hawezi kuwa msomaji wa Shetani!"

"Ni kweli," wengine wakaitikia. "Avuliwe! Avuliwe!"

Mama mkwe hakungoja kuvuliwa. Akaitoa skafu shingoni mwenyewe, akaikunja vizuri kama nguo iliyopigwa pasi, akamkabidhi Spika. Kisha akanigeukia.

"Sasa nataka kile cha mwisho," akasema. "Cha yule anayewapinga. Nimejiandaa kubishana tena Jumapili."

Sikuweza kujizuia, machozi yalinitoka mbele ya maadui zangu. Nikamshika mkono nikamsogeza kando ya mlango, mgongo wake ukutani, karibu na mgongo wangu.

Jiwe la kwanza lilipasua dirisha la chumba cha watoto.

Kelele zikarudi, safari hii mbaya zaidi. Spika alikuwa anapaza sauti, "Hapana! Si hivyo! Tulieni!" Lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena. Vijana wawili walilibeba pipa kwa vyuma, wakalisogeza mpaka kwenye ngazi ya chini. Nikahisi joto miguuni.

Kati ya moshi nikamwona mume wangu.

Alikuwa anapanda ngazi mbili mbili, mkoba wa vifaa begani, uso umejaa jasho. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kama siku aliyoniposa. Akafika, akasimama mbele yangu, akanyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo."

"Wa kufunga au wa kufungua?"

"Hakuna muda. Nipe."

Nikamtazama machoni. Hakuyakwepesha macho, lakini sikuona kitu ndani yake.

"Mpe," akasema mama mkwe. "Ni mwanangu, namjua. Mpe."

Nikauchomoa ufunguo mfukoni.

"Wifi, usimpe!"

Ilikuwa sauti ya wifi. Yuleyule aliyenipiga picha, yuleyule aliyeniletea balaa lote hili. Alikuwa anajipenyeza kati ya watu, mtandio umemdondoka, analia na kunipungia mikono yote miwili.

"Usimpe! Nilikuwepo asubuhi alipoongea na Tai Fupi habari za huo ufunguo. Wifi, nakuomba, usimpe!"

Vidole vya mume wangu vilikuwa vimeshaugusa ufunguo.